Land Rover 109 ya Series III: shajara ya kufufua bodi, Tanga

Gari ni pikapu ya Series III, usukani kulia, injini ya petroli ya lita 2.25. Hiyo 109 ni inchi kutoka katikati ya gurudumu la mbele hadi katikati ya gurudumu la nyuma. Series III zilitoka kiwandani Solihull, Uingereza, kati ya 1971 na 1985. Hili lilisimama kwa miaka kwenye kiwanja kinachopigwa na upepo wa bahari, kwa hiyo karibu kila ugonjwa wa bodi ya Land Rover umo. Injini na giaboksi hazizungumziwi hapa. Shajara hii ni ya bodi na chesi tu.

Watu husema Land Rover haiozi kwa kuwa bodi yake ni alumini. Nusu ya maneno hayo ni kweli. Land Rover ya kwanza ilipotoka mwaka 1948, chuma Uingereza kilikuwa kikigawiwa kwa mgao baada ya vita, ndiyo maana mabati ya nje yakatengenezwa kwa Birmabright, aloi ya alumini na magnesiamu, na desturi hiyo ikabaki. Lakini chesi ni chuma. Ukuta wa dashibodi, ule unaotenga injini na kabini na kubeba milango, ni chuma. Fremu za milango na mbavu za boneti nazo ni chuma. Chuma huoza kwa ndani, mahali jicho halifiki, na alumini huliwa pale inapogusana na chuma penye maji ya chumvi. Gari la pwani linakufa kwa njia zote mbili, na kazi yote hapa chini imepangwa kwa kufuata maji yanakoingia na yanakosimama.

Vifaa: mashine ya kuchomelea ya MIG ya ampea 180 yenye waya wa mm 0.8 na gesi ya CO2, grainda ya inchi 4½, drili, kompresa ya lita 100, jiliwa, stendi nne za chuma. Gharama zilizoandikwa ni za vitu vilivyotumika. Vifaa na nguvu kazi havimo.

13 Januari 2024: kufungua na kugonga

Boneti, mudigadi, milango, paa la kabini, viti, sakafu, kisha sanduku la nyuma: vyote vimetoka. Bolti zilizoganda zilinyweshwa mchanganyiko wa nusu ATF (mafuta ya giaboksi otomatiki) na nusu asetoni zikaachwa usiku kucha. Zilizokataa zilikatwa kichwa.

Angalizo kwa atakayefuata: bolti nyingi za gari hili ni za nyuzi za inchi. Bolti ya M8, ya milimita, huingia mizunguko miwili mitatu kwenye nati ya 5/16, halafu hukaza. Ukilazimisha, nyuzi zinakwisha. Hifadhi bolti za zamani kwa mafungu, hata zilizokatika, upate za kufananishia dukani.

Chesi ilipimwa kwa nyundo ndogo na bisibisi. Chuma kizima hulia kikigongwa, kilichooza hujibu kwa sauti butu, na bisibisi huthibitisha. Reli kuu mbili ni nzima isipokuwa kipande cha kiganja kimoja nyuma ya kishikio cha springi ya nyuma kulia. Mikono miwili ya chesi inayobeba ukuta wa dashibodi imekwisha. Boriti ya nyuma imekwisha upande wa chini. Kwenye ukuta wa dashibodi, miguu ya nguzo zote mbili za milango imeoza, sehemu ya kuwekea miguu ya dereva imetoboka, ya abiria nusu. Chesi mpya iliyochovywa zinki inapatikana Uingereza, ila usafiri na ushuru wake vinazidi bei ya gari lenyewe, na kwa reli nzima kama hizi hakuna haja.

Kabla grainda haijagusa sehemu ya mbele: namba ya chesi ya Series III imegongwa kulia mbele, kwenye kishikio cha springi. Hapo husafishwa kwa mkono na msasa laini, basi. Namba ikifutika, gari linabaki bila utambulisho, hata kama kadi unayo mkononi.

Gharama: visu vya grainda, brashi za waya, asetoni na ATF, TSh 70,000.

10 Februari 2024: mikono ya chesi na boriti ya nyuma

Chesi ilisawazishwa kwanza juu ya stendi kwa mpira wa maji, ule wanaotumia waashi. Pima maji ya mkononi haifai hapa kwa sababu ni fupi, na kosa la milimita moja kwenye futi mbili huwa kubwa ukifika nyuma ya 109. Kisha timazi iliteremshwa kutoka matundu ya vishikio vya springi hadi sakafuni, alama zikapigwa kwa chaki, na mishazari ikapimwa. Tofauti ilikuwa mm 2, chesi imenyooka. Ingekuwa zaidi ya mm 5, kazi ingesimama hapo, maana haina faida kuchomelea mikono mipya kwenye chesi iliyopinda.

Mikono mipya ilikatwa kwenye bati la mm 3, vipande vinne kila mmoja, vikafungwa kuwa sanduku. La asili ni jembamba zaidi. Mm 3 ni rahisi kuchomelea bila kutoboa, na uzito unaoongezeka ni mdogo.

Mkono wa kushoto ulikwenda vibaya. Ulichomelewa wote chesi ikiwa tupu, mshono wa juu ukapigwa kwa mkupuo mmoja, halafu wa pembeni, wa chini mwisho. Ulipopoa, ncha ilikuwa imepanda mm 6. Chuma cha moto kikipoa hunywea, na mshono mrefu wa juu uliponywea ulivuta ncha kwenda juu. Mm 6 kwenye ncha ya mkono ni kitasa cha mlango kinachogonga juu ya pokeo lake, na hakuna urekebishaji wa bawaba utakaotibu hilo.

Marekebisho yalikuwa haya. Mshono wa juu na wa pembeni ulikatwa kwa kisu chembamba cha mm 1, wa chini ukaachwa kama bawaba. Ncha ikashushwa kwa klampu hadi timazi na mpira wa maji vikakubaliana na upande wa pili. Kabla ya kuchomelea tena, ukuta wa dashibodi, mbovu hivyo hivyo, ulirudishwa na kufungwa kwa bolti zake, sanduku la nyuma likaegeshwa, milango ikatundikwa. Hapo mkono ulishikizwa kwa nukta nane, mlango ukafungwa na kufunguliwa, ndipo mishono ikapigwa kwa vipande vya sentimita 2 hadi 3: kimoja juu, kimoja chini, kisha kupumzisha mpaka kiganja kiweze kugusa. Mkono wa kulia ulifanywa hivyo tangu mwanzo, na haukusogea zaidi ya mm 1.

Fuata utaratibu huo hata ukinunua mikono iliyotengenezwa tayari. Milango ndiyo kipimo cha mwisho cha chesi hii.

Boriti ya nyuma: bati lote la chini lilikatwa hadi chuma king'aacho, pamoja na sentimita 2 za ziada kila upande. Kiraka hakichomelewi juu ya kutu, waya utatafuta chuma na kutoboa tu. Bati jipya la mm 3 lina matundu manne ya mm 12 ya kutolea maji. Boriti ya asili iliziba kwa tope, na tope lenye unyevu ndilo lililoiua.

Gharama: nusu bati la mm 3 TSh 105,000, roli ya waya 45,000, gesi 60,000. Jumla 210,000.

16 Machi 2024: ukuta wa dashibodi

Ukuta huu ndio moyo wa bodi. Ukikaa vibaya, kioo cha mbele, milango na boneti vyote vinakaa vibaya. Kwa hiyo kabla ya kukata chochote ulifungwa angle bar ya mm 40 kutoka matundu ya bawaba za kushoto hadi za kulia, na nyingine mbili za mshazari. Zilifungwa kwa bolti bila kuchomelea, ili zitolewe bila kuacha kovu. Nguzo zilikatwa moja baada ya nyingine. Usikate zote mbili kwa pamoja hata kama una haraka, kwa kuwa ile iliyobaki ndiyo kumbukumbu ya kimo.

Sehemu za kuwekea miguu zilipimwa kwa boksi la katoni, zikakatwa kwenye bati la mm 1.2, na kingo za mm 12 zikakunjwa kati ya angle bar mbili ndani ya jiliwa. Kiwandani ziliunganishwa kwa nukta za mashine. Nyumbani, toboa matundu ya mm 7 kila mm 35 kwenye ukingo wa bati jipya, bana kwa klampu, kisha jaza kila tundu kwa moto, ukianzia katikati juu ya bati la nyuma na kuzunguka kwenda nje. Ruka matundu: la kwanza, la tano, la tisa, ndipo urudi. Ukifuata mstari, bati linapinda kama lile lililokatwa na kutupwa kabla ya haya. Mahali pa kugusana palipakwa rangi ya zinki kwanza. Rangi ya kawaida huungua na kuacha masizi ndani ya mshono. Zinki ikiungua hutoa moshi mweupe wenye sumu, homa yake huja usiku, kwa hiyo milango wazi na feni nyuma ya mgongo.

Tatizo lilijitokeza kwenye tundu la kutolea maji. Lilitobolewa mapema, katikati ya bati, kwa kufuata ramani ya zamani. Ulipomwagwa ndoo ya maji, kona ya nyuma kushoto ilibaki na dimbwi la nusu inchi. Bati jipya lilishuka kidogo pale lilipochomelewa, na gari lenyewe likiwa juu ya springi zake huinamia upande huo. Tundu la zamani lilizibwa, kwa kuweka bomba la shaba lililopondwa bapa nyuma yake ili moto usidondoke. Jipya la mm 20 likatobolewa pale maji yalipokusanyika yenyewe, na kupewa kizibo cha mpira. Mpangilio sahihi ni huu: chomelea, egesha chesi kwa mwinamo wake wa kawaida, mwaga maji, ndipo utoboe.

Silanti ya mishono hupakwa juu ya praima, yaani rangi ya kwanza inayoshika chuma. Ikipakwa juu ya chuma kitupu inashika unyevu chini yake. Kwa hiyo mishono ilipigwa praima ya epoksi kwa brashi siku hiyo hiyo, silanti baada ya kukauka.

Gharama: bati la mm 1.2 TSh 85,000, gesi 60,000, silanti mirija miwili 30,000. Jumla 175,000.

4 Mei 2024: alumini, wakati wa masika

Mvua za masika si wakati wa rangi Tanga. Ni wakati wa kunyoosha.

Birmabright huwa ngumu kila inapogongwa. Mudigadi ya kulia ilikuwa na bonde kubwa kwenye kona ya taa, na ilipogongwa ikiwa baridi, kwa nyundo na doli (kipande cha chuma kinachokingwa nyuma ya bati), ilipasuka ufa wa sentimita 4 kabla bonde halijatoka nusu. Bati hili linahitaji kulainishwa kwa moto kwanza, na shida ya alumini ni kwamba haibadilishi rangi ikipata joto. Inakaa vile vile, halafu ghafla inashuka chini.

Kipimo ni sabuni ya mche. Paka sabuni kavu juu ya bati, upande unaouona, kisha pitisha moto wa gesi upande wa pili, ukizungusha bila kusimama. Sabuni huanza nyeupe, ikawa njano, kisha kahawia ya kahawa iliyokaangwa. Hapo toa moto mara moja. Ikifika nyeusi tii, umekaribia kupita kiasi. Acha lipoe lenyewe. Bati lililolainishwa hupokea nyundo ya mbao bila kurudisha mdundo, na utasikia tofauti katika pigo la kwanza. Likianza tena kudunda, limekuwa gumu, rudia sabuni na moto.

Ufa ulizuiwa kwa tundu la mm 3 kwenye ncha yake, kwani ufa hauvuki tundu la mviringo kirahisi. Kona ikalainishwa, ikanyooshwa, na kiraka cha alumini ya mm 1.2 kikapigwa riveti kwa nyuma.

Milango ilikuwa na hali mbaya chini. Ngozi ya alumini imekunjwa juu ya fremu ya chuma, na kwenye mkunjo huo kulikuwa na unga mweupe, mwingi kiasi cha kuusukuma mkunjo ukafumuka. Unga huo ndio alumini yenyewe iliyoliwa: metali mbili, maji ya chumvi kati yake, umeme mdogo unapita, na alumini ndiyo inayolipa. Kuchukua grainda na kujaza puti hapo ni kuficha tu. Ngozi ilifunguliwa sentimita 15 kutoka chini, sehemu ya chini ya fremu ikabadilishwa kwa chaneli ya chuma ya mm 1.2, pande zote mbili zikapakwa epoksi, na kati yake ukapitishwa utepe wa mpira wa butili. Ngozi iliyoliwa ilikatwa na kuungwa kipande kipya kwa riveti za alumini. Sasa metali mbili hizo hazigusani popote chini ya mlango.

Kanuni moja ya karakana: brashi ya waya na kisu kilichogusa chuma havigusi alumini. Chembe za chuma hujipachika ndani ya alumini na kuanza kutu chini ya rangi. Alumini ina msasa wake na nyuzi zake za plastiki za kusugulia, kwenye ndoo yake.

Sanduku la nyuma lilirudishwa kwa majaribio kwa bolti za stainless, ili kazi iendelee.

Gharama: riveti TSh 45,000, bolti za stainless 65,000. Jumla 110,000.

22 Juni 2024: bolti za stainless zimetolewa

Baada ya masika, kuzunguka kila kichwa cha bolti ya stainless kulikuwa na duara la unga mweupe. Stainless haipati kutu yenyewe, ndiyo maana inapendwa, ila ikigusana na alumini penye chumvi ni alumini inayoliwa, tena kwa kasi kubwa kuliko kwa bolti iliyopakwa zinki. Bolti zilifungwa kavu, bila washa za plastiki, na hilo lilitosha.

Zote zimetolewa. Zimefungwa za zinki, kila moja na washa ya nailoni juu na chini, na grisi nzito ndani ya tundu. Matundu yaliyoliwa yalisafishwa na kupakwa epoksi kwa brashi ndogo. Mwenye kung'ang'ania stainless anaweza kuitumia, lakini kwa washa za nailoni na mrija wa plastiki unaozunguka shina la bolti, ili metali zisigusane kabisa. Bei yake na kazi yake havina maana kwa pikapu.

Gharama: TSh 55,000, juu ya zile 65,000 zilizopotea.

20 Julai 2024: kutoa rangi na praima

Rangi ya zamani ilitolewa kwa rimova na kikwaruzo cha plastiki. Kostiki soda wanayotumia watengeneza sabuni inatoa rangi ya chuma vizuri, lakini inayeyusha alumini huku ikitoa hidrojeni. Isikaribie gari hili. Mchanga wa kompresa nao unakunja mabati mapana.

Praima iliyochaguliwa ni epoksi moja kwa chuma na alumini. Wengi huanza na praima ya asidi kwenye alumini, na ni njia nzuri, ila zisichanganywe kiholela: epoksi juu ya praima ya asidi ambayo haijakauka sawasawa huachia, na puti juu ya praima ya asidi nayo haishiki. Kwa epoksi peke yake mpangilio ni rahisi: msasa 180, kufuta kwa kitambaa safi chenye thina ya kuondolea mafuta, epoksi, kisha puti juu yake, epoksi tena.

Boneti ilipakwa kwa namna mbili bila kukusudia. Nusu ilipigwa msasa jioni na kupakwa praima asubuhi yake, nusu ilipigwa msasa na kupakwa siku ile ile. Baada ya wiki ilijaribiwa hivi: chora miraba midogo kwa wembe hadi kwenye bati, bandika selotepu, ikandamize kwa kucha, ivute kwa nguvu. Nusu ya siku ile ile haikutoa hata mraba. Ile ya kulala ilitoa miraba karibu yote, na nyuma ya selotepu praima ilikuwa safi bila chembe ya alumini. Alumini iliyokwanguliwa hujifunika ngozi mpya mara moja, na usiku wa unyevu wa pwani ngozi hiyo huwa nene na dhaifu. Praima ilishika ngozi, ngozi haikushika bati.

Nusu hiyo ilirudiwa yote. Tangu hapo hakuna bati linalopigwa msasa kama halitapakwa ndani ya muda wa saa mbili tatu, na halishikwi kwa mkono mtupu katikati. Jaribio la wembe na selotepu sasa hufanywa kwenye kila bati, mahali patakapofichwa na mpira au mudigadi. Lina gharama ya sarafu chache na linaokoa rangi nzima.

Gharama: epoksi lita 4 na hadna (kigumishaji) yake mara mbili, TSh 380,000, rimova 40,000. Jumla 420,000.

31 Agosti 2024: rangi

Mwili kijani iliyokolea, paa na rimu rangi ya maziwa inayoitwa Limestone, kama zilivyotoka nyingi kiwandani. Anayebadilisha rangi akumbuke kuwa imeandikwa kwenye kadi ya gari, na kadi inapaswa kufuata.

Imetumika enameli ya sintetiki, si 2K, ile rangi inayochanganywa na hadna kabla ya kupulizwa. Hadna ya 2K ina isosianeti, ambayo ikipulizwa na spreigani huingia mapafuni na inaweza kumwachia mtu pumu ya maisha. Barakoa ya karatasi haizuii, na ya mkaa haitegemewi. Inayofaa ni ya kupokea hewa safi kwa mpira kutoka nje. Karakana ya nyumbani isiyo nayo, yenye watoto upande wa pili wa ukuta, isipulize 2K. Enameli inakauka polepole na haing'ai sana, na kwa Land Rover ya umri huu hilo ni sawa kabisa.

Maji kwenye hewa ya kompresa yalileta vijishimo kwenye bati la kwanza. Hewa ya moto hubeba unyevu ambao huwa maji ikipoa, kwa hiyo kichujio kilichofungwa mdomoni mwa kompresa hakikukamata kitu. Liliwekwa bomba la chuma la futi 20 ukutani, limeinama kuelekea kwenye koki ya kutolea maji, na kichujio kikahamia mwisho wake. Maji yanayotoka kwenye koki kila asubuhi yanaeleza yote. Kazi hufanyika kati ya saa tatu na nusu na saa sita mchana, umande ukishakauka na kabla kusi haijachafuka, sakafu ikiwa imemwagiwa maji kushika vumbi.

Paa liliharibika. Mkono wa kwanza wa enameli ulipigwa vizuri, wa pili ukapigwa kesho yake, na ndani ya dakika kumi ukajikunja wote kama utando wa maziwa. Enameli hukauka kuanzia juu. Kesho yake ngozi ya juu ilikuwa kavu na chini bado laini, thina ya mkono wa pili ikapenya na kuivimbisha. Kuna nafasi mbili tu: ndani ya saa chache, mkono wa kwanza ukiwa bado unanatanata, au baada ya kukauka kabisa. Paa liliachwa wiki tatu kivulini, mikunjo ikakwanguliwa, msasa wa maji 400 ukapita kote, likapakwa upya kwa mpango huu: ukungu mwepesi, dakika 20, mkono mzito, dakika 30, mkono wa mwisho, kisha halikuguswa tena. Thina asilimia 10 hadi 15. Mabati mengine yote yalifuata mpango huo na hayakujikunja.

Gharama: enameli lita 8 TSh 150,000, thina 40,000, msasa 25,000. Jumla 215,000.

12 Oktoba 2024: paa la pili

Hili ndilo badiliko pekee la umbo kwenye gari. Land Rover zilizouzwa nchi za joto ziliweza kupata paa la tabaka mbili: ngozi ya pili juu ya paa, na nafasi ya hewa katikati. Jua huchoma ngozi ya juu, hewa hupita chini yake, na kabini haipati joto la moja kwa moja.

Ngozi imekatwa kwenye alumini ya mm 1.2. Upana wa bati la futi 4 hautoshi paa, kwa hiyo vipande viwili vimeungwa katikati kwa mkanda wa mm 50 chini yake, riveti kila mm 40 kwa mistari miwili. Vitulizo vya mm 25, vinavyoinua ngozi hiyo juu ya paa, vilikatwa kwenye bomba la alumini, na kila kimoja kina washa ya mpira chini.

Toleo la kwanza lilivuma. Kufikia kilomita 60 kwa saa bati bapa lilipiga ngoma hadi mazungumzo yakashindikana. Bati pana lisilo na mkunjo wala mbavu halina ugumu wowote, na vitulizo vilikuwa vinane tu, vyote pembeni. Lilishushwa, likapewa mbavu nne za angle ya alumini ya mm 25 chini yake, zikikatiza upana. Kila ubavu ulikunjwa kidogo kwanza ili bati likae na mgongo mdogo, na kati ya ubavu na bati kuna silanti ya poliyurethani. Riveti peke yake bila silanti zingelegea na kupiga kelele upya. Vitulizo viliongezwa vinne katikati, vikisimama juu ya mbavu za paa la asili. Uvumaji umekwisha. Ukingo wa mbele umekunjwa chini mm 10 ili mvua isipulizwe ndani, na nyuma pako wazi.

Matundu yaliyotobolewa kwenye paa la asili ni 12, na kila moja lilipakwa epoksi kwenye ukuta wake kabla ya silanti. Tundu lisilopakwa litatoa unga mweupe mwaka ujao.

Gharama: alumini mabati mawili TSh 300,000, angle 60,000, silanti mirija minne 60,000. Jumla 420,000.

23 Novemba 2024: kufunga na nta

Milango ilitundikwa kabla ya mudigadi, na nafasi kati ya mlango na sanduku la nyuma ikawekwa mm 5 juu na chini kwa washa nyembamba chini ya mguu wa ukuta wa dashibodi. Mipira ya milango hufungwa mwisho. Ikiwekwa mapema husukuma mlango nje, na utajikuta unarekebisha bawaba zisizo na kosa. Mipira mipya hukaza kwa wiki kadhaa, isikatwe.

Ndani ya chesi, mikono, nguzo na milango kumepulizwa nta: gramu 350 za nta ya nyuki zimeyeyushwa ndani ya lita 2.5 za tapentaini na lita 1 ya oili nyepesi. Chombo huwekwa ndani ya sufuria ya maji yaliyochemshwa kwanza na kuondolewa motoni, kwa sababu mvuke wa tapentaini hushika moto. Nta ikipoa huwa kama uji mzito, kwa hiyo hupulizwa ikiwa na uvuguvugu, kwa spreigani ya chini ya gari yenye mpira mrefu. Pulizia hadi idondoke kwenye matundu ya kutolea maji, kisha toboa kila tundu kwa waya kesho yake. Nta iliyoziba tundu hufanya kazi ile ile ya tope.

Gharama: mipira TSh 180,000, vifaa vya nta 40,000. Jumla 220,000, na kwa bodi yote hadi leo 1,895,000.

Kilichobaki ni mfuniko wa sakafu ya sanduku la nyuma, utakaofungwa kwa bolti badala ya riveti ili chesi iliyo chini yake ioshwe kwa maji baridi baada ya kila safari ya ufukweni. Nta ya chesi itapulizwa upya kabla ya masika ya 2025.